Kuchagua Kamera

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Methali hii ni kweli tupu kwa mtu mwenye shamba lake, fedha yake na mikono yake. Akichukua jembe lolote na kuanza kulima, atavuna zaidi ya jirani yake ambaye jua limemkuta dukani akipima mipini. Lakini yuko mtu mmoja ambaye methali hii haikumtaja, naye ni yule aliyetumwa jembe na wenziwe. Huyo hana budi kuchagua, tena kuchagua sana, kwa kuwa fedha aliyoishika si yake, na atakaporudi ataulizwa. Mimi ni mwalimu wa shule moja ya sekondari ya kutwa, na nilitumwa jembe la namna hiyo. Jembe lenyewe lilikuwa kamera.

Chama cha Picha cha shule yetu kina wanachama 26. Kwa mihula mitatu walilima sukuma wiki katika kipande cha ardhi nyuma ya bohari, wakauza jikoni mwa shule na kwa majirani, na kila senti wakaiandika katika daftari. Mweka hazina wao, msichana wa Kidato cha Tatu, hakuniruhusu mimi niliye mlezi wa chama kulichukua daftari hilo bila yeye kuwapo. Mwisho wa muhula wa tatu lilionyesha shilingi 46,300. Fungu moja la mboga tuliliuza shilingi 10. Hesabu mwenyewe, msomaji, ni mafungu mangapi, ni ndoo ngapi za maji, na ni asubuhi ngapi za umande. Haba na haba hujaza kibaba, na aliyekijaza kibaba chake kwa chembe moja moja huona uchungu kila chembe inapomwagika.

Walitaka kamera kwa ajili ya wazee. Katika kata yetu wako wazee wengi ambao hawana picha duniani ila ile ya kitambulisho. Mzee wa namna hiyo anapofariki, jamaa huchukua kitambulisho chake, wakakipeleka mjini kikakuzwe, na picha ile ndiyo itiwayo katika fremu na kubebwa mbele ya jeneza. Mabega yamekakamaa, macho yameshtushwa na flashi, midomo imefungwa kama ya mshtakiwa. Na wajukuu watakaozaliwa baadaye wataambiwa kuwa huyo ndiye babu yao. Katika muhula wa pili alikufa mhunzi mmoja aliyefua majembe ya wilaya yetu kwa muda wa karibu miaka 50. Jina lake lilikuwa la kwanza katika orodha ya wale ambao wanafunzi walikusudia kuwapiga picha. Tulikwenda maziko. Hakuna picha ya mikono yake, wala ya mvukuto wake, wala ya cheko lake ambalo lilijulikana hata ng'ambo ya mto. Kesho yake mweka hazina aliniuliza, "Mwalimu, tunangoja nini?" Nikamjibu kuwa tunangoja fedha itoshe, maana siku ile daftari lilikuwa na shilingi 18,000 tu. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikumfariji yeye wala mimi.

Huenda ukauliza, kwa nini wasitumie simu? Swali hili ni la haki. Simu nzuri ya siku hizi hupiga picha nzuri, na mtu aliye nayo asidharau alicho nacho. Lakini wanafunzi wetu hawaruhusiwi simu shuleni, na simu ya mwalimu imejaa siri na mashughuli ya mwalimu. Zaidi ya hayo, simu humwamulia mpigaji karibu kila jambo. Kamera ya kushika mkononi, yenye magurudumu na vitufe, humtaka mwanafunzi aamue mwenyewe nuru iingie kiasi gani, kwa muda gani, na macho ya mtazamaji yaelekezwe wapi. Kwa hiyo ilinilazimu kujifunza habari za kamera kabla sijaligusa daftari lile. Niliyojifunza nakuandikia wewe, ili siku utakapotumwa usianze gizani.

Aina ya kamera tuliyoifikiria ni ile ya kidijitali yenye kioo ndani yake. Jinsi ifanyavyo kazi ni hivi. Nuru huingia katika lenzi na kukuta kioo kilichoinama. Kioo huipandisha juu, vioo vingine huigeuza, hata ikafika katika tundu la kuchungulia na kuingia jichoni mwako. Ukibonyeza kitufe, kioo huruka juu, pazia lililo nyuma yake hufunguka, nuru huangukia kihisi, pazia hufunga, na kioo hurudi mahali pake. Unachokiona kwa jicho ndicho ambacho lenzi inakiona. Na kwa kuwa unachungulia nuru yenyewe, wala si picha ya umeme, kutazama hakuli betri. Nikon D3500, iliyotolewa mwaka 2018, hukadiriwa kupiga picha 1,550 kwa betri iliyojaa mara moja. Shule ambayo umeme wake hukatika mvua inapopiga haiwezi kulidharau jambo hilo.

Kamera hizi hazikuwa za watu wa kawaida hapo mwanzo. Mwaka 1991 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ya kioo ya kidijitali iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3 tu, na mpigaji alichukua chombo kingine begani cha kuhifadhia picha. Bei yake iliwafaa wenye magazeti makubwa peke yao. Mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, na bei yake katika Marekani ilishuka chini ya dola 1,000. Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa mwanafunzi, kwa mwalimu na kwa mpiga picha za harusi wa mji mdogo. Tangu wakati huo zimetoka kamera nyingi za daraja la kwanza, na nyingi kati yake bado zingali hai, zikipita kutoka mkono hadi mkono.

Sasa nakuomba unisikilize kwa makini, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anayenunua kamera ya namna hii hanunui chombo kimoja. Ananunua ukoo. Mwili wa kamera una mdomo ambapo lenzi hukazwa, na kila kampuni ina mdomo wake. Lenzi ya Canon haiingii Nikon, wala ya Nikon haiingii Pentax. Mdomo wa Nikon ulianza mwaka 1959, wa Pentax mwaka 1975, na wa Canon EOS mwaka 1987. Mwili huzeeka upesi, kwa kuwa kila baada ya miaka michache hutoka mwingine wenye kihisi bora. Lenzi njema haizeeki upesi hivyo. Basi aliye na busara huanza kwa kuuliza, "Nikishaingia katika ukoo huu, nitapata lenzi gani, kwa bei gani, na ni nani karibu nami atakayenisaidia?" Habari za mwili huja baadaye.

Kila ukoo una tabia zake. Lenzi za EF za Canon zina mota ndani yake, kwa hiyo hata lenzi ya mwaka 1987 hulenga yenyewe ikitiwa katika mwili wa leo. Kwa Nikon lazima uangalie sana. Miili yake midogo, tangu D40 ya mwaka 2006 hata D3500, haina mota ya kulengesha lenzi. Lenzi za zamani zinazotegemea mota ya mwili zitaingia barabara, lakini mpigaji atalenga kwa mkono. Anayetaka zilenge zenyewe na atafute zilizoandikwa AF-S au AF-P. Na hizi za AF-P nazo hazipatani na miili ya nyuma kidogo kama D3100. Pentax imesifiwa kwa ukarimu: mingi ya miili yake ina mtambo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, na baadhi, kama K-70 ya mwaka 2016, imezibwa isiingie mvua wala vumbi. Ila katika miji yetu lenzi zake ni adimu, na ukoo mwema ambao hauna ndugu karibu humwacha mtu mpweke.

Jambo la pili lipotoshalo wanunuzi ni hesabu ya megapikseli. Wauzaji huitangaza kama watangazavyo kilo za ng'ombe mnadani. Tufanye hesabu, maana mimi ni mwalimu na siwezi kujizuia. Karatasi ya A4 ikipigwa chapa safi, kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji nukta 2,480 kwa upana na 3,508 kwa urefu. Zidisha, utapata milioni 8.7 hivi. Kamera yenye megapikseli 12 inatosha na kubakisha. Yenye 18 au 24 ni neema zaidi, lakini mtu asilipe maelfu ya shilingi kwa ajili ya tofauti kati ya 18 na 24, hali anapiga picha za kutundika ukutani mwa darasa.

Yenye maana kubwa ni nuru. Kamera za daraja la kwanza huuzwa na lenzi iitwayo 18–55, nayo ni lenzi ya heshima: huona uwanja mzima, na huweza kukaribia uso wa mtu. Kasoro yake ni kuwa tundu lake ni dogo. Mwisho wake wa kukaribisha, tundu hilo huishia f/5.6. Lenzi ya 50 yenye tundu la f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zilizo rahisi kuliko zote katika ukoo wa Canon, hupitisha nuru karibu mara kumi zaidi. Nikupe mfano. Tulimpiga picha mama mmoja mfinyanzi ndani ya nyumba yake, ambamo nuru huingia kwa dirisha moja tu. Kwa lenzi ya f/1.8 pazia lilifunguka kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, na picha ikatoka safi, hata alama za vidole juu ya udongo zikaonekana. Kwa tundu la f/5.6 pazia lingehitaji karibu sehemu moja ya sita ya sekunde, na hakuna mkono wa mwanadamu utuliao kiasi hicho bila kuegemea kitu. Tungeweza kuwasha flashi, lakini flashi ndiyo ile iliyomshtua mhunzi wetu katika kitambulisho. Nyumba za wazee zina kiza. Kwa hiyo niliamua mapema kuwa fungu kubwa la fedha yetu liende katika lenzi hiyo, na mwili uwe wa mkono wa pili.

Wako watakaokuambia kuwa kamera za kioo zimepitwa na wakati. Wana sehemu ya haki. Mwaka 2018 Canon na Nikon zote mbili zilianzisha midomo mipya kwa ajili ya kamera kubwa zisizo na kioo, na nguvu zao zikahamia huko. Ni Pentax, ambayo tangu mwaka 2011 iko mikononi mwa Ricoh, iliyotangaza mwaka 2020 kuwa itaendelea na kamera za kioo. Lakini tazama jambo hili kwa jicho la mnunuzi maskini. Wapiga picha wenye uwezo wanapohamia kamera mpya huuza za zamani, na wauzaji wakizidi wanunuzi bei hushuka. Kamera iliyopiga harusi nzuri miaka kumi iliyopita haikusahau kazi yake kwa sababu mwenyewe amepata nyingine. Aidha, makampuni hayo yametengeneza viungo vya kuvalisha lenzi za zamani katika miili mipya, hata anayenunua lenzi ya Canon EF leo anaweza kuhama nayo kesho. Kwa Nikon kiungo kipo pia, ila zile lenzi zisizo na mota hazilengi zenyewe zikiwa juu yake. Basi tulikubaliana katika chama kuwa kupitwa na wakati si hasara ikiwa bei nayo imepitwa.

Tulipofunga shule nilikwenda Nairobi pamoja na mweka hazina na mwenyekiti wa chama, kwa idhini ya wazazi wao. Katika duka la kwanza muuzaji alitupokea kwa maneno matamu. "Mwalimu wangu," akasema, "hii ni bahati yako leo. Mwili mpya, lenzi mbili, miguu mitatu ya kusimamishia, begi, vichujio vitatu na kadi. Vyote kwa 46,000." Meza ilijaa. Nakiri kuwa macho yalifurahi, maana mkononi tulikuwa na 46,300, na ilionekana kama kwamba vitu vile vilikuwa vikitungoja sisi.

Mweka hazina akauliza kwa adabu, "Tukiacha vichujio, miguu mitatu na lenzi hii ndefu, bei itashuka mpaka ngapi?"

"Hizo ni zawadi, msichana wangu," akajibu. "Zawadi haina bei."

"Na lenzi ya 50 ya f/1.8 iko ndani yake?"

"Hiyo utanunua mbali."

Sikumlaumu mtu yule, kwa maana kazi yake ni kuuza, naye aliifanya vizuri. Lakini fikiri, msomaji: zawadi ambayo ukiirudisha bei haishuki, ilikuwa na thamani gani? Nilikinyanyua kile kijimguu cha kamera kikatetemeka mkononi mwangu kabla hakijabeba kitu. Vichujio vilikuwa vioo vya rangi ambavyo hatukuvihitaji. Hata mdomo wa mwili ule, pale lenzi inapokazwa, ulikuwa wa plastiki wala si wa chuma. Na kamera itakayofunguliwa na mikono 26 yahitaji mdomo wa chuma. Tukashukuru, tukatoka.

Mtu wa pili alikuwa mpiga picha za harusi aliyekuwa akihamia kamera isiyo na kioo. Alikuwa na Canon EOS 700D ya mwaka 2013, yenye megapikseli 18, mdomo wa chuma, na kioo cha nyuma kinachogeuzwa upande wowote. Hapa nikuambie jambo litakalokuokoa. Canon huipa kamera moja majina mengi kwa kufuata soko. Hiyo 700D katika Marekani huitwa Rebel T5i, na 2000D ni ile ile 1500D, ndiyo pia Rebel T7. Muuzaji akikuambia kuwa hii ni bora kuliko ile, tazama kwanza kama hazikuwa pacha wa tumbo moja.

Kabla ya kutoa fedha tuliikagua kama tabibu amkaguavyo mgonjwa, nawe ufanye hivyo hivyo. Kwanza tuliuliza pazia limefunguka mara ngapi. Pazia la kamera za daraja hili hukadiriwa kufika mara 100,000 hivi, ingawa mengine hufa mapema na mengine huishi zaidi. Katika Nikon hesabu hiyo huandikwa ndani ya faili ya picha, na programu za kuisoma zipo; katika Canon nyingi hapana budi kamera iunganishwe na kompyuta yenye programu yake. Mwenyewe alituonyesha: 31,000 na ushei. Pili, tuliifungua lenzi, tukaimulika kwa tochi kutoka nyuma, tukitafuta ukungu, ambao huonekana kama utando wa buibui. Lenzi zilizoishi Mombasa au Lamu zikaguliwe zaidi, kwa kuwa unyevu wa pwani ni rafiki wa ukungu. Tatu, tulifinya tundu mpaka f/16, tukapiga picha ya mbingu tupu, tukatazama madoa ya vumbi juu ya kihisi. Vumbi husafishika, mkwaruzo hausafishiki. Nne, tulilenga vitu vya karibu na vya mbali, tukasikiliza kama mota inakwama. Tano, tuliitoa betri, tukaiweka juu ya meza. Betri iliyovimba huyumba, nayo si ya kununuliwa hata kwa bei ya karanga.

Tukaafikiana shilingi 27,500 pamoja na lenzi ya 18–55. Lenzi ya 50 ya mkono wa pili ilikuwa 12,000. Betri ya akiba ilikuwa 1,800, kwa sababu 700D hukadiriwa kupiga picha 440 tu kwa betri moja, na hapo Nikon ingalitushinda. Kadi ilikuwa 1,500, begi 2,000, na kipulizo cha mpira cha kutolea vumbi 600. Jumla ni shilingi 45,400, na shilingi 900 zikarudi katika daftari. Risiti iliandikwa kwa jina la chama, na namba ya mwili ikaandikwa juu yake, ili kamera isipate mwenyewe mwingine siku mlezi wa chama atakapohamishwa shule.

Utauliza kwa nini tuliingia ukoo wa Canon, hali betri ya Nikon ilikuwa bora. Jawabu langu halimo katika kitabu chochote cha kamera. Kabla ya safari niliwazungukia wapiga picha wa mji wetu mdogo, watano kwa jumla. Wanne wana Canon. Mmoja wao aliniambia, "Mwalimu, siku mkiwa na shughuli kubwa njoo uazime lenzi yangu ndefu Jumatatu, maana Jumatatu hakuna harusi." Fundi wa pekee aliye karibu nasi anazijua Canon na ana vipuri vyake. Kama wanne hao wangalikuwa na Nikon, ningalinunua Nikon bila kusita, na wewe katika mji wako huenda ikakupasa kufanya hivyo. Picha za koo hizi zikiwekwa mezani pamoja, sijaona mwanafunzi awezaye kusema ipi imetoka wapi. Msaada wa jirani, lakini, huonekana siku ya taabu.

Juu ya kazi yenyewe niseme neno moja la Mkenya mmoja. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, ndiye ambaye picha zake za njaa ya Uhabeshi mwaka 1984 ziliiamsha dunia ikatoa msaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa, akarudi kazini kwa mkono wa bandia, akaendelea mpaka alipofariki katika ajali ya ndege iliyotekwa nyara mwaka 1996. Sikutaji habari zake ili kukuambia kuwa chombo hakina maana. Alitumia vyombo vyema, akavijua kama fundi ajuavyo patasi yake. Nakutajia ili ujue kuwa picha zile zilipatikana kwa sababu alikwenda mahali palipokuwa na watu wenye shida, akasimama karibu nao. Hilo haliuzwi pamoja na mwili wala na lenzi.

Basi, msomaji, nakuusia hivi. Ukitumwa kamera, hesabu kwanza fedha yote, ndipo uigawe: mwili, lenzi, betri ya akiba, kadi, na kitu kidogo cha kutunzia. Anayemaliza fedha yote juu ya mwili hufika nyumbani na jembe lisilo mpini. Uliza ni nani jirani aliye na ukoo huo. Usinunue megapikseli, nunua nuru. Usione haya kukagua kitu cha mkono wa pili mbele ya mwenyewe, maana muuzaji mwaminifu hafurahii kitu kama mnunuzi ajuaye. Ukiisha kununua, funga midomo ya kamera na lenzi kwa vifuniko vyake, usiziache katika gari juani, na ndani ya begi tia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu ambavyo hupatikana katika maboksi ya viatu vipya.

Baada ya hapo, achana na matangazo ya kamera. Wakati wa kuchagua umekwisha na methali ya wahenga imeshika zamu yake. Amka alfajiri, chukua kamera ya wenzako, uende kwa mzee aliye wa kwanza katika orodha yako. Mwamkie, kaa, mwache aendelee na kazi yake, na usibonyeze kitufe mpaka amesahau kuwa umebeba kitu. Usiahirishe mpaka muhula ujao.